Mchecheto kabla ya kupanda baiskeli: dalili, chanzo na cha kufanya

Mchecheto wa kabla ya safari ya baiskeli hauji kwa sura moja. Kuna anayelala vizuri, akaamka vizuri, kisha magoti yakalegea pale tu anapokanyaga pedeli. Kuna anayezunguka mitaa ya Sinza bila shida, lakini akiiona Barabara ya Sam Nujoma anashuka. Kuna aliyeendesha tangu shule ya msingi na leo, baada ya kugongwa na bajaji, hataki hata kuitazama baiskeli yake. Wote watatu huambiwa neno moja: "Jikaze." Halimsaidii hata mmoja, kwa sababu hawaumwi kitu kimoja.

Hapa tutafanya kama fundi wa kijiweni. Akisikia mlio hafungui baiskeli nzima. Anainua gurudumu, analizungusha, anasikiliza mlio unatokea wapi. Woga nao mara nyingi unasema kweli: una habari ya breki, ya tumbo, ya njia au ya watu. Ukiipata habari hiyo, sehemu kubwa ya tiba ni spana na kubadili njia. Ujasiri unaohitajika baada ya hapo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, ila mwenye baiskeli Tanga, Mombasa au Nairobi hatapotea. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Bukavu, ambako magari hupita kulia, ageuze kushoto na kulia katika maelezo ya barabarani.

Kwanza, mchecheto unapanda wakati gani?

Ukianza usiku wa kuamkia safari, huwa unaishi safari ambayo bado haijatokea. Ukianza unaposhika usukani, kabla hujatoka getini, shuku baiskeli. Ukisubiri hadi uione lami, ni wa barabara. Ukija pale unapokaribia kijiwe chenye watu, hiyo ni aibu, hata kama wewe unaiita woga. Na ule usio na mpangilio, leo upo kesho haupo, utafute kwenye ulichokula, ulichokunywa na ulivyolala. Mtu anaweza kuwa na miwili au mitatu kwa pamoja. Anza na ule unaotangulia.

Nashauri kila mtu akague baiskeli kwanza, hata anayeamini tatizo lake liko kichwani. Ni kazi ya dakika tano, na inashangaza ni mara ngapi inamaliza mambo.

Dalili: ukiishika tu baiskeli, moyo unaenda mbio

Tazama breki. Mwili usio na hakika kwamba chombo kitasimama hautulii, na wala haupaswi kutulia. Simama pembeni ya baiskeli, isukume mbele, bana breki ya mbele peke yake: gurudumu lazima ligome. Rudia ya nyuma: tairi iburuzike chini. Kama mkono wa breki unakwenda mpaka unagusa usukani, waya umelegea au raba zimekwisha. Kukaza waya na kubadilisha raba ni kazi ndogo kwa fundi yeyote wa mtaani, na sijui tiba ya woga iliyo rahisi kuliko hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wa mtumba hawalisemi, pengine kwa sababu hawaulizwi. Baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Zilizotoka Ujerumani, Uholanzi na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, pamoja na za Marekani, ya mbele huwa kushoto. Zote hizi zinakutana kwenye soko moja. Ukizoea moja kisha ukanunua nyingine, siku ya dharura utabana ya mbele kwa nguvu zote ukidhani ni ya nyuma, na gurudumu la mbele likigoma ghafla wewe ndiye unayeendelea na safari. Baadhi ya baiskeli za Uholanzi hazina kabisa breki ya nyuma mkononi. Unasimamisha kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kwa hiyo fuata waya kwa macho kutoka mkononi hadi kwenye gurudumu, ujue upi unashika nini. Usipoupenda mpangilio huo, fundi anaweza kuzibadilisha nyaya, ya kushoto ije kulia na ya kulia iende kushoto.

Baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele zina ugonjwa wao: breki ya nyuma mara nyingi ni ya mkanda unaobana ngoma katikati ya gurudumu, na ikizeeka inalia hadi mtaa mzima ujue umefika. Mlio huo peke yake hauna hatari kubwa. Hatari ni mwenye baiskeli anayeona haya akaidondoshea oili ili inyamaze. Inanyamaza kweli, na haishiki tena. Oili ni ya cheni. Kwenye breki isifike hata tone.

Mwenye Phoenix ya zamani, ile ya breki za vyuma badala ya waya, ajue kwamba rimu ya chuma ikilowa mvua raba zinateleza. Anza kubana mapema, kwa kugusagusa, rimu ikauke kwanza.

Breki zikiwa sawa, angalia kiti. Wanaojifunza ukubwani mara nyingi huwekewa kiti kirefu kwa sababu mtu fulani amewaambia ndivyo waendeshaji wa kweli wanavyokaa. Kiti kirefu ni kizuri kwa magoti na kwa nguvu, lakini kwa mwenye mchecheto ni mateso, maana miguu haifiki chini. Kishushe mpaka nyayo zote mbili zikanyage ardhi ukiwa umekaa. Utachoka mapaja mapema kidogo. Acha uchoke. Siku utakapoona hujawaza kuhusu miguu yako safari nzima, kipandishe kwa upana wa vidole viwili, kisha tena baadaye.

Halafu usukani. Bana tairi la mbele katikati ya magoti, shika usukani na uuzungushe kwa nguvu. Ukicheza bila tairi kugeuka, usiondoke mpaka ukazwe. Bana pia breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "ko, ko" chini ya usukani, kuna kitu kimelegea kwenye uma, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele. Mwisho bonyeza matairi kwa dole gumba. Tairi lenye upepo mdogo linayumba kwenye kona, na kuyumba huko mwendeshaji huhisi kama ni yeye asiyejua kuendesha.

Dalili: tumbo joto, mikono inatetemeka, haja ndogo kila dakika

Hiyo ni adrenalini. Mwili umejiandaa kwa kazi kabla kazi haijaanza, na kwa watu wengi hali hupungua dakika chache baada ya kuanza kukanyaga pedeli, kwa sababu misuli imepata pa kuipeleka nguvu hiyo. Hivyo kosa ni kukaa kwenye kochi ukiwa umeshavaa, unasubiri mwenzako. Zunguka. Sukuma baiskeli uani. Panda ngazi mara mbili tatu.

Pumua kwa hesabu: ndani kwa 4, nje kwa 6, dakika mbili au tatu. Kutoa pumzi polepole kuliko kuivuta ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Watu wengi hufanya kinyume, wanavuta pumzi kubwa kubwa za haraka, kisha wanashangaa vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi.

Ila chunguza pia kama kweli ni woga. Njaa hutetemesha mikono na kutoa kijasho chembamba vilevile. Mtu aliyeamka saa kumi na moja, akanywa kahawa chungu vikombe viwili bila kula kitu, akatoka, hana haki ya kujilaumu kwamba ni mwoga. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya saa tano hivi bado karibu nusu yake ipo. Kama huna mazoea ya kahawa, siku ya safari si siku ya kuanza. Chapati na maharage viliwe saa mbili au zaidi kabla ya kutoka. Ukiwa umechelewa, ndizi mbivu nusu saa kabla inatosha. Maji kunywa kidogokidogo tangu unapoamka. Ukimeza lita nzima getini, hiyo safari ya chooni umejitengenezea mwenyewe.

Katika mwezi wa Ramadhani anayefunga atahisi moyo unaenda kasi kuliko siku nyingine hata kwenye njia aliyoizoea, kwa sababu upungufu wa maji hufanya hivyo. Aendeshe saa ya mwisho kabla ya magharibi, mwendo wa taratibu, au baada ya futari.

Yasiyo ya woga tusiyabebe kama woga. Maumivu ya kifua, kutaka kuzimia, moyo kupiga ovyo hata umekaa: hayo yapelekwe hospitali kabla ya kupelekwa barabarani. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kutoka, kwani sukari ikishuka dalili zake zinafanana sana na hizi.

Dalili: usiku kucha unaota ajali

Kichwa kisicho na taarifa hujaza pengo lenyewe, na hakijazi mambo mema. Kipe taarifa. Jioni andika njia utakayopita, mtaa kwa mtaa, na sehemu mbili utakazoshuka na kusukuma. Weka helmeti, pampu, kiraka na nauli ya bajaji mahali pamoja. Nauli hiyo ina maana kubwa: anayejua anaweza kupakia baiskeli kwenye bajaji akarudi nyumbani hajifungii ndani ya safari.

Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa 2014, ambao naupenda kwa sababu unapingana na ushauri wa kila siku. Watu waliokuwa na wasiwasi kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walijiambia kwa sauti kwamba wana hamu, na wakafanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Sababu inaeleweka: hamu na woga vyote huupandisha moyo, basi kutoka kimoja kwenda kingine ni hatua fupi, kutoka woga hadi utulivu ni mbali. "Nina hamu ya kuona bahari asubuhi" ni sentensi nzuri kuliko "sina woga". Lakini isitumike kufunika breki mbovu.

Dalili: mtaani uko sawa, barabara kuu inakushinda

Hapa ndipo wengi walipo, na hapa woga wako una haki zaidi. Barabara ya Mandela imejaa malori ya bandarini. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yaani mabasi yenye barabara yao peke yao, iliyoanza kubeba abiria 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilijengwa na njia ya baiskeli pembeni, lakini njia hiyo unaigawana na bodaboda, wauza matunda na magari yaliyopaki. Aliyekwambia uingie kwenye ile ya mabasi yenyewe hakutakii mema.

Dawa ya kwanza ni kuikwepa barabara kuu kadiri inavyowezekana. Mwenye gari anawaza njia fupi. Wewe waza mitaa inayokwenda sambamba nayo, hata ikiongeza kilomita mbili. Fungua ramani kwenye simu, kisha ipite njia hiyo kwa miguu au kwa bajaji ukitazama mashimo, matuta na makutano. Safari ya kwanza ya baiskeli ifanye Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga umetosha na daladala bado chache. Ukishaizoea tupu, ijaze taratibu: Jumamosi asubuhi, halafu siku ya kazi baada ya saa nne, mwisho kabisa saa za foleni. Wengi hufanya kinyume, wanaanza Jumatatu saa moja na nusu kwa sababu ndiyo siku waliyoamua kuacha daladala.

Sehemu isiyokwepeka ina sababu zake ndogondogo, na kila moja ina jibu lake.

Unajibana sana ukingoni. Huko ndiko kuna mchanga, vioo na mwisho wa lami unaodondokea kwenye udongo, na dereva akiona nafasi anakupita kwa kukubana. Kaa kati ya nusu mita na mita moja kutoka ukingoni. Tairi likitoka kwenye lami usilivute kurudi kwa ghafla, kwani litasugua ule ukingo na kukuangusha. Punguza, simama, panda upya.

Unaendesha polepole mno. Baiskeli kwenye mwendo wa kutembea huyumba hata chini ya bingwa. Ongeza kidogo, ikae yenyewe. Legeza pia mkamato: viwiko vikunjwe kidogo, mabega yashuke, chezesha vidole kwenye usukani. Mikono iliyokakamaa hupeleka kila mtikisiko moja kwa moja kwenye tairi la mbele.

Unalitazama shimo. Ukilikazia macho shimo utaliingia. Macho huongoza mabega na mabega huongoza usukani. Tazama pale unapotaka kupita.

Hujui kilichoko nyuma. Kugeuka kutazama bila kuyumba ni ujuzi unaojifunzwa uwanjani. Chora mstari kwenye udongo, ufuate, kisha geuza kidevu kuelekea bega la kulia kwa sekunde moja na urudi. Mwenzako asimame nyuma akionyesha vidole, useme ni vingapi. Ujuzi huu mmoja unapunguza mchecheto kuliko kioo cha pembeni, ingawa kioo nacho si kibaya.

Honi zinakushtua. Honi ya Dar kwa sehemu kubwa inasema "nipo, napita," na anayeipiga ameshakuona. Uoga wa honi hupungua ukiichukulia kama salamu. Asiyepiga ndiye wa kuhofiwa.

Daladala. Abiria hushukia kushoto, na konda huruka kabla gari halijasimama, kwa hiyo usipite kushoto kwa daladala inayosimama au inayotaka kusimama. Subiri nyuma yake, mita tatu hivi; ikikaa sana, tazama nyuma, ndipo uipite kwa kulia ukijua inaweza kuondoka bila taarifa. Kwa mwenye mchecheto nasema subiri tu, haikai milele.

Lori lenye tela. Usikae ubavuni mwake upande wa kushoto kwenye makutano, hata likiwa limesimama. Likikata kona kushoto, matairi ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Kaa nyuma kabisa, au toka kando ya barabara ushuke.

Magari yaliyopaki: mlango hufunguka ghafla, acha mita moja. Bodaboda anayekuja upande wako kinyume: usikimbilie kulia kwenye magari, punguza, baki kushoto, simama ikibidi. Yeye atapata njia, huwa anapata.

Na kukata kulia kwenye makutano makubwa, usikufanye. Shuka, sukuma, vuka kwenye kivuko na waenda kwa miguu. Kuna watu wanaona hilo ni kushindwa. Sijawahi kuelewa kwa nini.

Dalili: unaogopa macho ya watu

Mtu mzima anayejifunza baiskeli hupata watazamaji, hasa watoto, na watoto hawana siri. Tiba rahisi ni mahali. Uwanja wa shule siku za mapumziko, kwa ruhusa ya mlinzi, unafaa. Ufukweni maji yakipwa pia panafaa, mchanga uliolowa ukiwa mgumu. Watu wa pwani ya mashariki ya Unguja wanapita huko kila siku. Ukirudi osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe na utie cheni oili, la sivyo kutu itakula kila kitu.

Anayeanza kabisa asihangaike na pedeli. Mwambie fundi azitoe zote mbili, shusha kiti, jisukume kwa miguu kama unatembea umekaa, mpaka uweze kunyanyua miguu yote na kuteleza bila kuyumba. Usawa ndio somo. Pedeli hufuata kwa urahisi. Ukizitoa mwenyewe kumbuka ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha ya kulia. Nyingi zimeharibiwa kwa kulazimishwa.

Kwa wanawake kuna maneno ya ziada: "mama mzima juu ya baiskeli?" Makunduchi na Jambiani, kusini mwa Unguja, mwanamke wa buibui juu ya baiskeli si habari, kwa hiyo tusisingizie mila. Jambo la kweli la kuangalia ni kitambaa. Buibui, dera au kanga ikiingia kwenye cheni au kwenye spoki inaangusha. Chagua fremu ya kike isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni na, ikipatikana, kinga ya sketi juu ya tairi la nyuma. Ndani vaa suruali, na pindo lifungwe upande. Hofu ya nguo kunasa ni moja ya zile zinazojificha ndani ya aibu, na hiyo inaisha kwa pini.

Dalili: hukuwa na woga, umeanza baada ya kuanguka

Kwanza mwili. Kichwa kikigongwa, hata kama hukuzimia, usipande mpaka uonwe na daktari. Kisha baiskeli: uma uliopinda hauonekani upesi, lakini unaivuta baiskeli upande mmoja, na wewe unadhani ni woga unaokuvuta. Peleka kwa fundi ukimwambia wazi kwamba imeanguka.

Baada ya hapo kanuni ni ndogo-kisha-kubwa. Isukume mpaka dukani bila kuipanda. Ipande uani. Zunguka mtaa. Pita karibu na pale ulipoangukia, kwa miguu kwanza, kisha kwa baiskeli saa isiyo na magari. Kila hatua irudiwe mpaka uizoee na uone haina jipya, ndipo usonge. Ukikwepa kabisa kwa miezi, woga unakua kwa sababu haujapata cha kuukanusha. Ukirukia barabara ileile siku ya pili ili "kuuvunja", unaweza kuupa ushahidi mpya. Na kama ajali inajirudia kichwani mchana na usiku hata baada ya mwezi, hilo ni jambo la kutibiwa. Hospitali za rufaa zina idara za afya ya akili, na wanaokwenda huko kwa sababu ya ajali ya barabarani si wachache.

Dalili: unaogopa kuachwa na kundi

Hii ni fupi. Uliza kabla: mnakwenda kilomita ngapi, kwa kasi gani, na nani anakaa nyuma? Kundi lisilo na mtu wa nyuma si la anayeanza, hata jezi zao zikipendeza vipi. Usijaribu viatu vya kunasa kwenye pedeli kwa mara ya kwanza siku ya kundi. Kaa pembeni nyuma, acha urefu wa baiskeli moja, na waambie mapema kwamba ukitaka kugeuza utageuza.

Dalili: kupanda unapanda, kushuka ndiko kunakokutoa jasho

Anayetoka Dar kuelekea Pugu na Kisarawe, au aliyeko Lushoto, anaijua. Sababu kubwa ni kubana breki ndani ya kona. Punguza kabla ya kona, kwenye sehemu iliyonyooka, kwa breki zote mbili. Ukishaingia kona achia taratibu na tazama mwisho wake. Sogeza makalio nyuma kidogo kwenye kiti. Kama mteremko ni mrefu, simama katikati, upumzishe mikono. Vidole vilivyochoka havibani vizuri. Mteremko usioujua ushuke kwa miguu mara ya kwanza ukitazama mchanga na changarawe.

Umekagua yote, bado moyo unakataa

Kuna siku jibu ni kutotoka. Mvua kubwa imeanza na njia yako ina mifereji wazi, giza limeingia na huna taa ya nyuma, umelala kwa saa mbili tu, umekunywa pombe. Hapo mchecheto hauna kasoro ya kurekebishwa. Panga siku nyingine, lakini ipange saa hiyohiyo, kwa jina la siku na saa, kabla hujavua viatu.

Na ukishikwa katikati ya safari, usijaribu kumaliza kipande kilichobaki kwa kuongeza kasi. Tazama nyuma, onyesha mkono wa kushoto, toka kabisa kwenye lami hadi penye kivuli. Simamisha baiskeli, kaa chini, pumua nje kwa hesabu ya 6, kunywa maji. Subiri mpaka uweze kusema kwa sauti ya kawaida jina la mtaa ulipo na jina la mtaa unakokwenda. Ukiweza, sukuma baiskeli hatua mia hivi kabla ya kupanda tena. Usipoweza, ile nauli ya bajaji iko mfukoni.